Mtoto wa Duke alitakaje mageuzi? Jibu kwa mwalimu wa historia

Mwalimu mmoja wa sekondari mjini Morogoro ameuliza hivi: "Nikifundisha siasa za Uingereza ya karne ya 19 nakwama kwa Lord John Russell. Vitabu vinasema ndiye aliyesimama bungeni kuwasilisha muswada wa mageuzi ya uchaguzi wa 1832, na wakati huohuo ni mtoto wa Duke, kabaila wa daraja la juu kabisa. Wanafunzi wananiuliza, kabaila gani hukata tawi alilokalia? Kurasa chache mbele wanasoma kwamba alikuwa Waziri Mkuu wakati Waayalandi wanakufa kwa njaa. Je, alikuwa mwanamageuzi kweli, au jina tu?"

Mwalimu, nitakujibu kwa urefu, maana wanafunzi wako wamegusa penyewe. Msimamo wangu niuseme mapema: alikuwa mwanamageuzi kweli, na kule Ireland alishindwa kwa sababu ileile iliyompa ushindi 1832. Sababu yenyewe ni namna ukoo wake ulivyoielewa mali.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Huyu "Lord" hakuwa lodi kisheria. Alizaliwa London tarehe 18 Agosti 1792, mtoto wa tatu wa kiume wa mtu aliyekuja kurithi cheo cha Duke wa Bedford mwaka 1802. Mtoto wa Duke asiye mrithi huitwa Lord kwa heshima tu. Mbele ya sheria ni raia kama wengine. Ndiyo maana aliweza kugombea katika baraza la chini, lile ambalo wafasiri wetu wametuzoesha kuliita Baraza la Makabwela. Tafsiri hiyo hunichekesha kila nikiiona. Mwaka 1813, Russell alipoingia humo, mbunge alitakiwa awe na pato la ardhi, na mshahara hakuna (ulianza 1911). Ungemtafuta kabwela humo ndani usingempata.

Aliingiaje? Aliingia kwa Tavistock, mji mdogo wa Devon ambao kiti chake cha ubunge kilikuwa cha ukoo kama shamba lilivyo la ukoo. Alikuwa na miaka 20, hajatimiza hata umri wa kisheria wa mbunge, tena yuko safarini ng'ambo. Baba aliamua, wapiga kura wachache wakaitikia. Kumbuka jina hilo la Tavistock, tutalirudia.

Utajiri wa akina Russell ulitoka kwa wafalme. Henry wa Nane alipovunja nyumba za watawa katika karne ya 16, mashamba ya kanisa yaligawiwa watu wake wa karibu, na Russell wa wakati huo akapata fungu nono: Tavistock ilikuwa abasia, na hata Woburn, makao makuu ya ukoo hadi leo, ilikuwa abasia. Halafu mwaka 1683 William Russell, mrithi wa ukoo, alikatwa kichwa London kwa kushtakiwa njama dhidi ya Mfalme Charles wa Pili. Miaka mitano baadaye ukaja mgeuko wa 1688, mfalme mwingine akakimbia nchi, na mwaka 1694 ukoo ukapewa cheo cha Duke. John alikua akisimuliwa habari za babu huyo kama vile wengine wanavyosimuliwa habari za mawalii, na mwaka 1819 akamwandikia kitabu kizima cha maisha yake.

Hapo ndipo imani ya Whig, chama cha akina Russell, ilipozaliwa. Kwao uhuru ulimaanisha mfalme asiweze kumnyang'anya mtu maisha wala mali bila sheria. Nani wa kumzuia mfalme? Wenye mali ya kutosha wasimwogope. Kwa hiyo uhuru na mali kwao vilikaa nyumba moja. Kwa imani hiyo mtu anaweza kupigania haki ya kura usiku na mchana bila kuona kwamba anajidhuru. Tawi la viti vya mfukoni, yaani viti vya ubunge vya ukoo kama kile cha Tavistock, wangeweza kulikata. Wao walikaa kwenye shina, na shina ni ardhi.

Walijua pia kusoma hali ya hewa. Mwaka 1830 Wafaransa walimfukuza mfalme wao kwa mara nyingine. Vuli hiyohiyo vibarua wa mashambani kusini mwa Uingereza walivunja mashine za kupuria na kuchoma marundo ya nafaka. Waziri Mkuu, Duke wa Wellington, shujaa wa Waterloo, akatangaza kwamba mfumo wa uchaguzi hauna kasoro. Wiki chache baadaye hakuwa tena na serikali. Whig wakaingia chini ya Earl Grey, na watu wanne wakapewa kazi ya kuandika muswada. Mmoja wao alikuwa Russell, ambaye hata kwenye baraza la mawaziri hakuwamo bado.

Usiku wa 1 Machi 1831 alisimama kuueleza. Mtu mfupi, hafiki futi tano na nusu, mwembamba, sauti haina nguvu. Aliwaambia wabunge wafikirie mgeni aliyesikia sifa za bunge hili, akaja kujionea wawakilishi wanavyopatikana. Apelekwe kwenye kilima cha majani matupu, aambiwe kilima hiki kina wabunge wawili. Apelekwe kwenye ukuta wa mawe, aambiwe ukuta huu una wabunge wawili. Aonyeshwe bustani ya miti isiyo na nyumba hata moja: wawili. Kisha afike kaskazini kwenye miji yenye viwanda na watu tele, aambiwe hii haina mbunge. Huo haukuwa utani. Old Sarum kilikuwa kilima kweli, na Manchester haikuwa na mbunge wake.

Kisha akaanza kusoma orodha ya majimbo yatakayofutwa. Yalikuwa 60 ya kufutwa kabisa na 47 ya kupunguzwa kiti kimoja kimoja, jumla viti 168. Upande wa Tory, chama cha upinzani, walicheka. Kila jina likitajwa kicheko kinapanda, maana waliokuwa wakisomewa hukumu ni wenye viti wenyewe, wameketi pale pale wakisikiliza. Walidhani serikali imejinyonga. Wengi waliamini kwamba kama upinzani ungedai kura usiku ule, muswada ungezikwa. Hawakudai. Wiki tatu baadaye ulipita hatua ya pili kwa kura 302 dhidi ya 301.

Sitakuchosha na kila kona ya mwaka na miezi iliyofuata. Bunge likavunjwa, uchaguzi ukafanyika, Whig wakarudi na wingi mkubwa. Oktoba 1831 Baraza la Malodi, lile la juu, likaukataa muswada kwa tofauti ya kura 41. Nottingham ngome ya Duke mmoja ikachomwa moto, Bristol ikawaka siku tatu. Russell akawaandikia wanaharakati wa Birmingham kwamba haiwezekani mnong'ono wa kikundi ushinde sauti ya taifa, na wakubwa wenzake wakamkasirikia kwa kupalilia moto. Mei 1832 Grey akajiuzulu, Wellington akajaribu kuunda serikali akashindwa, mfalme akakubali kwa shingo upande kuteua malodi wapya hadi upinzani uzidiwe. Malodi waliposikia hivyo wakanywea. Tarehe 7 Juni muswada ukawa sheria.

Sasa tazama sheria yenyewe, maana wanafunzi wengi hudhani ilileta demokrasia. Majimbo 56 yalifutwa, miji kama Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield ikapata wabunge. Mijini kura ilipewa mwanamume anayekaa nyumba yenye thamani ya kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Katika Uingereza na Wales, takriban mwanamume mmoja kati ya watano ndiye aliyepata kura. Mwanamke alifungiwa mlango kwa maandishi: kwa mara ya kwanza sheria ilitaja bayana kwamba mpiga kura ni wa kiume. Kura ilipigwa hadharani, mwenye nyumba akimtazama mpangaji wake. Na Tavistock je? Ilibaki na wabunge wake wawili, na ikabaki nao hadi 1868. Wapinzani waliliona hilo wakalipigia kelele, na mimi siwalaumu.

Kwa hiyo 1832 walioingia ni wenye mali ndogo, wakaketi pamoja na wenye mali kubwa. Mfanyakazi wa kiwandani aliyeandamana kuidai sheria hii alibaki nje, na kutokana na hasira hiyo ilizaliwa harakati ya Chartist, ya wafanyakazi waliodai kura. Mwaka 1837, malkia Victoria akiwa ndiyo kwanza ameingia, wabunge wenye msimamo mkali waliomba hatua nyingine. Russell akajibu kwamba suala lile limekwisha. Wakambandika jina la Jack wa Mwisho, likamng'ang'ania maisha yake yote.

Ila usiwafundishe wanafunzi kwamba baada ya 1832 alilala. Alianza kabla: mwaka 1828 ndiye aliyewasilisha hoja ya kufuta sheria zilizowazuia Waprotestanti wasio wa Kanisa la Anglikana kushika vyeo vya umma. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, 1835 hadi 1839, mabaraza ya miji yakaanza kuchaguliwa na walipa kodi badala ya kujiteua yenyewe. Kuzaliwa, kufa na kuoana kukawekwa kwenye daftari la serikali. Makosa mengi yaliyokuwa ya kunyongwa yakaondolewa kitanzi. Vibarua sita wa Tolpuddle, waliohamishiwa Australia kama wahalifu mwaka 1834 kwa kula kiapo cha chama cha wafanyakazi, walipata msamaha kamili mikononi mwake 1836. Ni mafaili tu, hakuna aliyemchongea sanamu kwa daftari la vizazi, lakini mimi nikipima kazi yake naiona hapa zaidi kuliko kwenye hotuba.

Tuje Ireland, sehemu ngumu ya swali lako.

Ugonjwa wa ukungu uliingia kwenye viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ireland, mwaka 1845. Russell alikuwa upinzani. Novemba mwaka huo aliandika barua ya wazi kutoka Edinburgh akitaka Sheria za Nafaka zifutwe, sheria ambazo kwa ushuru wa ngano za nje ziliwanenepesha wenye mashamba, baba na kaka yake wakiwamo. Unaona tena: kabaila anajikata posho. Sir Robert Peel wa Tory ndiye aliyezifuta Juni 1846, chama chake kikapasuka, na Russell akawa Waziri Mkuu kwa mlango huo. Mwaka huo viazi vikaoza karibu vyote.

Peel alikuwa amenunua mahindi ya Marekani kwa siri akayauza kwa bei nafuu. Serikali ya Russell ikasema haitaingilia biashara ya chakula, soko litaleta. Badala yake wenye njaa wapewe kazi za barabara walipwe ujira. Kufikia Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa wakivunja mawe, wengi wakiwa hawana nguvu ya kuinua nyundo, na ujira haukununua unga kwa bei iliyokuwapo. Serikali yenyewe ikaona ikabadilisha: majiko ya supu. Julai 1847 yalilisha zaidi ya watu milioni 3 kwa siku. Simama hapo darasani, Mwalimu. Inamaanisha kuwalisha kuliwezekana. Dola ile ilikuwa na meli, makarani na fedha, na kwa miezi michache iliweza.

Kisha ikafunga majiko. Kuanzia vuli ya 1847 mzigo ulishushwa kwa kodi ya maskini ya Ireland yenyewe, kwa hoja kwamba mali ya Ireland ndiyo ibebe umaskini wa Ireland. Kukawa na kifungu kilichosema mwenye zaidi ya robo eka asipewe msaada mpaka aiachie ardhi. Mwenye shamba aliyetaka kuwaondoa wapangaji wake alipata fimbo ya sheria. Watu wapatao milioni moja walikufa, kiasi kama hicho wakapanda meli. Sensa ya 1841 ilihesabu milioni 8.2, ya 1851 milioni 6.6.

Je, Russell hakuwaonea huruma? Aliwaonea, na barua zake zinaonyesha alikasirishwa na wenye mashamba waliokuwa wakibomoa nyumba za wapangaji. Alitaka sheria ya kuwabana. Ila katika baraza lake la mawaziri walikaa Palmerston mwenye ardhi Sligo, Lansdowne mwenye ardhi Kerry na Clanricarde mwenye ardhi Galway. Hazina ilikuwa kwa Charles Wood na katibu wake Charles Trevelyan, waliohesabu kila senti. Bungeni hakuwa na wingi wake mwenyewe, na Oktoba 1847 mabenki ya London yalitikisika. Clarendon, mwakilishi wa malkia huko Dublin, alimwandikia mwaka 1849 kwamba haamini kama kuna bunge jingine Ulaya ambalo lingepuuza mateso ya namna ile. Ilikuwa barua kutoka kwa mtu wake mwenyewe.

Wanaomtetea husema mikono yake ilifungwa. Nakubali ilifungwa, lakini uzi aliufuma mwenyewe. Mwaka 1833 serikali ya Grey, naye akiwamo, ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, kwa sababu mtumwa alihesabiwa mali na mali hainyang'anywi. Kwa njaa yote ya Ireland hazina ya London haikufikisha nusu ya hizo kwa sana, na nyingi zilitolewa kwanza kama mkopo. Kumpa mtu kura hakugusi shamba la mtu. Kumwokoa mpangaji wa Mayo, kule Ireland, kungehitaji serikali iingie kati ya mwenye ardhi na ardhi yake, kati ya mfanyabiashara na gunia lake. Katika nyumba aliyolelewa Russell, mkono wa serikali kwenye mali ya mtu ulifanana na shoka la 1683. Kwetu husemwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wanafunzi watakutajia methali hiyo. Waruhusu, kisha waulize ilikuwaje mwenye shibe huyo akawajua vizuri sana wasio na kura.

Serikali hiyohiyo, uone ilivyo vigumu kumfungia kwenye sanduku moja, ilipitisha kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo (1847), na sheria ya kwanza ya afya ya umma (1848). Yeye alikuwa mbunge wa jiji la London pamoja na Lionel de Rothschild, Myahudi aliyechaguliwa 1847 asiweze kuapa kwa kiapo cha Kikristo, na Russell alimpigania miaka 11 mpaka 1858 akaingia. Halafu mwaka 1850 Papa aliporudisha maaskofu Wakatoliki Uingereza, mpigania uhuru wa dini huyu akaandika barua ya matusi dhidi ya ibada zao na kupitisha sheria ya kuwazuia kutumia vyeo vya majimbo ya kikanisa, sheria ambayo haikutumika ikafutwa 1871. Jarida la Punch lilimchora kama kitoto kilichoandika maneno ya chuki ukutani kwa chaki, kikatoka mbio. Sijaona katuni iliyomweza kama hiyo.

Miaka ya katikati naipita haraka: ugomvi na Palmerston, kuanguka 1852, vita vya Crimea ambamo aliwatoroka mawaziri wenzake Januari 1855 mambo yalipoharibika. Hakuna aliyemsamehe kwa muda. Mwaka 1859 wazee hao wawili walipatana, na katika mkutano wa Juni mwaka huo makundi ya Whig, wafuasi wa Peel na wenye msimamo mkali yakaungana kuwa chama cha Liberal. Palmerston akawa Waziri Mkuu, Russell Waziri wa Mambo ya Nje. Aliunga mkono muungano wa Italia kwa moyo. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alizubaa, meli Alabama ikatoka Birkenhead Julai 1862 kwenda kuwapigania waasi wa kusini, na Uingereza ikaja kuilipa Marekani fidia ya dola milioni 15.5.

Wanafunzi wako wajue pia kwamba ni katika kipindi chake wizarani ambapo milki ya marehemu Seyyid Said iligawanywa rasmi. Uamuzi wa Lord Canning, gavana wa India, Aprili 1861, uliwagawia wanawe: Majid Zanzibar na Thuwaini Muscat, Zanzibar ikitakiwa kulipa riale 40,000 kila mwaka. Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zikatia saini mjini Paris tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wote wawili. Miaka 28 baadaye Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Wakati huo Russell alikwisha kufa.

Mwaka 1861 alipewa cheo chake mwenyewe, Earl Russell, akahamia Baraza la Malodi. Palmerston alipofariki Oktoba 1865, Russell mwenye miaka 73 akawa Waziri Mkuu tena, na kazi aliyojipa ilikuwa moja: kupanua kura. Jack wa Mwisho alikuwa amekwisha kujaribu 1852, 1854 na 1860, mara zote bila mafanikio. Safari hii Gladstone alimwasilishia muswada katika baraza la chini. Waliouua ni watu wa chama chake, wakiongozwa na Robert Lowe aliyeogopa ujinga na ulevi wa mfanyakazi. Juni 1866 serikali ikaanguka. Mwaka uliofuata Disraeli wa Tory akapitisha sheria pana kuliko ile waliyoikataa, akavuna sifa.

Kwa hiyo ukiulizwa "kweli au jina tu", waambie alikuwa kweli mpaka kwenye mpaka wa shamba. Ushahidi waanze kuutafuta wenyewe. Bertrand Russell, mwanafalsafa, alilelewa nyumbani kwa babu huyu, Pembroke Lodge, nyumba ndani ya Richmond Park ambayo malkia aliwapa waitumie. Alimkumbuka akiwa mzee wa miaka ya themanini, akisukumwa bustanini kwenye kiti cha magurudumu, au amekaa chumbani anasoma Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya bunge. Mzee alifariki humo tarehe 28 Mei 1878. Hansard hizo sasa ziko kwenye intaneti bure. Fungueni ya tarehe 1 Machi 1831, mtafute kile kilima cha majani, kisha mtafute Tavistock kwenye orodha ya majimbo ya kufutwa.